Shahada ya tiba ya usemi imefika. Kiswahili chetu kimo?

Bana pua yako kwa vidole viwili, kisha sema "papa". Sema na "kaka", sema na "chupa". Hakuna kilichobadilika, au siyo? Sasa, pua ikiwa bado imebanwa, sema "mama". Hapo lazima umesikia tofauti. Imetoka kama "baba" ya mtu mwenye mafua makali.

Nyuma kabisa ya kaakaa lako, pale ambapo ncha ya ulimi haifiki kirahisi, kuna pazia la nyama laini. Ukitamka p, t au k, pazia hilo linapanda na kuziba njia ya puani ili hewa ijae mdomoni, kisha iachiwe kwa kishindo. Ukitamka m au n, linashuka na hewa inapita puani. Katika neno "pamba" pazia linapanda, linashuka, linapanda tena, na neno zima halifiki hata sekunde moja. Hakuna mwalimu aliyekufundisha jambo hili. (Mwishoni mwa pazia hilo ndipo kinaponing'inia kimeo, kile ambacho watoto wengi wa mitaani kwetu bado wanakatwa eti kwa sababu ya kikohozi. Hiyo ni mada ya siku nyingine, lakini nilishindwa kupita bila kuitaja.)

Sasa mfikirie mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka. Pazia lake haliwezi kuziba kitu. Kila akijaribu kusema "papa", hewa inakimbilia puani kabla haijajaa mdomoni. Mtoto si mjinga, anatafuta njia nyingine: anakata hewa kule chini kooni, ambako bado anaweza kuidhibiti, na hiyo inakuwa "p" yake, "t" yake na "k" yake. Upasuaji wa mdomo sungura na kaakaa unafanyika hapa nchini, na hospitali ya CCBRT pale Msasani, Dar es Salaam, inajulikana kwa kazi hiyo. Lakini upasuaji unaziba tundu, haufundishi kutamka. Mtoto aliyefanyiwa akiwa na miaka mitano au sita anatoka wodini na kaakaa zima na mazoea yaleyale ya kooni. Daktari amemaliza kazi yake vizuri kabisa, na mtoto akirudi darasani bado haeleweki.

Anayepokea kazi kuanzia hapo ana taaluma yake na shahada yake. Kiswahili hakijatulia hata kwenye jina. Utasikia tiba ya matamshi, tiba ya usemi, tiba ya mazungumzo, na hospitalini mara nyingi watu wanataja jina la Kiingereza tu na kuendelea na safari. Mimi nitasema tiba ya usemi na lugha, kwa sababu ni vitu viwili. Usemi ni sauti zinazotoka mdomoni. Lugha ni mfumo ulio kichwani. Kiziwi anayetumia Lugha ya Alama ana lugha kamili isiyopitia mdomoni, na wapo watoto wanaotamka kila sauti vizuri lakini hawawezi kuunganisha sentensi.

Watu wengi wakisikia taaluma hii wanafikiria kigugumizi na kithembe. Vimo. Kumbe sehemu kubwa ya kazi ya hospitalini haihusu kusema kabisa, inahusu kumeza.

Koo ni njia panda. Chakula na hewa vinapita mlango mmoja, halafu vinaachana: kimoja kwenda tumboni, kingine kwenda mapafuni. Kila unapomeza, zoloto linapanda, kifuniko kidogo kinalala juu yake, nyuzi za sauti zinafunga, pumzi inasimama kidogo, tonge linapita, kisha kila kitu kinafunguka upya. Ukiwahi kupaliwa na maji, ujue mpangilio huo ulikosewa kwa sehemu ya sekunde, ukakohoa, ukaokoka. Mtu aliyepata kiharusi anaweza kukosea kila anapokunywa. Na kibaya zaidi, wengine hata hawakohoi. Maji yanaingia kwenye njia ya hewa kimyakimya, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu nimonia. Familia itakwambia mzee alikuwa anaendelea vizuri na kiharusi chake, ghafla kifua kikambana.

Chukua mfano wa mzee amelazwa Songea, upande mmoja wa mwili umelegea. Ndugu wamekuja kumwona na kila mmoja anasema: jamani, mpeni maji, si mnaona midomo imekauka? Ni huruma tupu. Lakini maji ni kinywaji kigumu kuliko vyote kwa koo lililochelewa, maana yanakimbia. Uji mzito kidogo unatembea polepole na kulipa koo muda wa kujifunga. Upo mfumo wa kimataifa unaoitwa IDDSI, unaopanga vinywaji na vyakula katika ngazi 8, kuanzia 0 hadi 7, na baadhi ya vipimo vyake vinafanyika kwa uma na kijiko cha kawaida. Nilipousoma mara ya kwanza nilitabasamu. Mama yeyote anayekoroga uji Bombambili au Mfaranyaki anazijua hizo ngazi kwa mkono wake, hana tu namba zake. Ila usitoke hapa ukaanze kumkorogea mgonjwa kwa kukisia. Kuna wanaosaidiwa na kinywaji kizito, kuna ambao kinawakwama, na kuna wanaokichukia hadi wanaishiwa maji mwilini. Mtu wa kupima ni tabibu aliyesomea koo.

Ndiyo maana shahada hii ni mchanganyiko wa ajabu. Mwanafunzi anasoma anatomia ya kichwa na shingo, neva na ubongo, kisha fizikia ya sauti, kwa sababu sauti ni mawimbi na sikio ni kifaa cha kuyapokea. Anasoma saikolojia ya ukuaji wa mtoto. Anasoma isimu: fonetiki, fonolojia, muundo wa maneno na sentensi. Anasoma usonji, mtindio wa ubongo, uziwi, kigugumizi, sauti zilizoharibika kwa walimu na wahubiri. Halafu anaingia wodini na kliniki kwa mafunzo ya vitendo. Ukiuliza hii ni fani ya afya au ya lugha, jibu ni kwamba ilizaliwa na wazazi wawili. Mmoja ni udaktari: mwaka 1861 Paul Broca wa Paris alieleza kuhusu mgonjwa ambaye kwa miaka mingi alitamka silabi moja tu, "tan", na baada ya kifo chake ubongo ulionyesha jeraha upande wa kushoto mbele. Mzazi wa pili ni shule na maabara za usemi, hasa Marekani, ambako chama cha taaluma hii kilianzia Iowa mwaka 1925. Waingereza waliunda chuo chao cha taaluma mwaka 1945.

Barani kwetu, Afrika Kusini ilitangulia sana. Chuo Kikuu cha Witwatersrand kilianza kufundisha mwishoni mwa miaka ya 1930. Lakini kwa miongo mingi mafunzo na vipimo vya huko vilijengwa juu ya Kiingereza na Kiafrikana, huku wagonjwa wengi wakizungumza Kizulu, Kixhosa, Kisotho. Wataalamu wa huko wenyewe wameliandika jambo hilo kwa uchungu. Liweke akilini, tutalirudia.

Afrika Mashariki ilisubiri hadi mwaka 2008, Chuo Kikuu cha Makerere kilipofungua shahada ya kwanza ya tiba ya usemi na lugha katika ukanda huu, kule Kampala. Kabla ya hapo, tabibu wa usemi uliyemkuta hapa kwetu kwa kawaida alikuwa mgeni au mtu aliyesomea ng'ambo.

Tanzania nayo sasa inayo. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, kinatoa shahada ya kwanza inayounganisha odiolojia, yaani sayansi ya usikivu, na patholojia ya usemi na lugha. Uingereza na Marekani hizi ni taaluma mbili tofauti, kila moja na watu wake. Kuna wanaoona kuziunganisha ni kumpa mwanafunzi mzigo mara mbili. Mimi naona kwa mazingira yetu ni uamuzi mzuri. Mtoto wa miaka mitatu asiyesema anapofika hospitali, swali la kwanza kabla ya yote ni moja: anasikia? Kama anayejua kupima masikio yuko jengo moja na anayejua lugha yuko mkoa mwingine, mama atazunguka mpaka nauli iishe. Afadhali mtu mmoja ajue yote mawili, hata kama kila moja kwa kina kidogo zaidi.

Na uhitaji umekua kwa sababu ambayo watu hawaifikirii. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu ndani ya sikio kwa watoto viziwi, huduma ambayo zamani ilimaanisha safari ya India. Habari ile ilishangiliwa, na ilistahili. Ila kifaa kikiwashwa, mtoto hasikii "mama njoo". Anasikia kelele ngeni ambazo ubongo wake haujawahi kuzipanga. Kuzigeuza kuwa maneno ni kazi ya miezi na miaka, wiki kwa wiki, mtoto, mzazi na tabibu. Kifaa bila mtu huyo ni kama redio isiyo na mtu wa kutafuta stesheni.

Mpaka hapo nimekueleza shahada. Sasa nataka tukae kidogo kwenye kitu ambacho shahada haiwezi kukinunua kutoka nje. Nimesoma isimu, kwa hiyo nina upendeleo wangu, utanivumilia.

Tabibu wa meno aliyesomea London anaweza kung'oa jino Songea kesho. Jino ni jino. Tabibu wa usemi hawezi kuhama hivyo, kwa sababu nusu ya vifaa vyake vimetengenezwa kwa lugha. Ili aseme mtoto huyu amechelewa, lazima ajue watoto wasiochelewa wa lugha hiyo wanasemaje wakiwa na miaka miwili, miwili na nusu, mitatu. Kwa Kiingereza kazi hiyo imefanyika kwa miongo mingi. Mwaka 1973 Roger Brown wa Harvard alichapisha kitabu kuhusu watoto watatu aliowaita Adam, Eve na Sarah, na kutoka hapo kikaenea kipimo rahisi: rekodi mtoto anavyozungumza, hesabu kila kusema kwake kuna vipande vingapi vya maana, tafuta wastani. Ngazi zake zinaanzia kipande kimoja na kitu hivi, na ngazi ya tano inafika vipande vinne.

Jaribu kwa Kiswahili. Mtoto anasema "hajanipikia". Ukihesabu maneno, ni neno moja. Kiingereza kingehitaji kama saba kusema jambo hilohilo, kwa hiyo kwa hesabu ya maneno mtoto wetu anaonekana yuko nyuma sana. Haya, hesabu vipande: ha-ja-ni-pik-i-a. Sita. Sasa mtoto huyohuyo kwa neno moja ameruka ngazi zote za Brown na kupitiliza. Yuko nyuma au yuko mbele? Hakuna anayeweza kujibu kwa rula ya Kiingereza. Inatakiwa rula iliyokatwa kwa Kiswahili, tena kwa watoto wengi, wa kijijini na wa mjini.

Kazi hiyo imeanza, si kwamba hakuna kitu. Kamil Ud Deen alichapisha mwaka 2005 kitabu juu ya watoto wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili. Jambo moja linalojitokeza ni kwamba watoto wadogo huacha vipande vya mbele vya kitenzi, kile cha nafsi au cha wakati, wakabaki na mzizi na irabu ya mwisho. Lakini wakikiweka kipande cha nafsi, ni nadra kuweka kisichofaa. Kuacha ni kwingi, kuchanganya ni kuchache. Kwa tabibu hiyo ni habari kubwa. Mtoto wa miaka miwili anayesema "taka maji" anapita njia ya kawaida kabisa. Na kabla hujamsahihisha, sikiliza watu wazima stendi: "shakula mie", "mefika". Sisi wenyewe tunakata vipande vya mbele kila siku, na mtoto anajifunza kile anachokisikia, si kile kilichomo kwenye kitabu cha sarufi.

Kilifi, pwani ya Kenya, Katie Alcock na wenzake walitengeneza orodha ya maneno ya watoto wadogo kwa Kiswahili na Kigiriama, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Kwa Kiingereza orodha kama hiyo anapewa mzazi aijaze mwenyewe kwa kalamu. Kilifi wazazi wengi hawakuwa wanasoma, hivyo ilibidi waulizwe kwa mdomo. Na ilionekana kwamba mzazi asiyejua kusoma anaweza kueleza vizuri tu mtoto wake anajua maneno gani. Kulekule Kilifi, katika miaka ya 2000, Julie Carter na wenzake waliwafuatilia watoto waliopona malaria kali na kuonyesha kwamba baadhi yao wanabaki na matatizo ya lugha muda mrefu baada ya homa kwisha. Kwa mkoa kama Ruvuma, ambako malaria tunaijua kwa majina yake yote, hilo linapaswa kutukaa kichwani. Mtoto aliyetoka wodini akicheza na kula, nani anarudi baada ya mwaka kusikiliza sentensi zake?

Ila Kilifi na Nairobi si Songea. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.8 mkoani Ruvuma, na ukitembea kutoka Tunduru hadi ziwani Nyasa unapita Kiyao, Kindendeule, Kingoni, Kimatengo, Kinyanja, vyote vikikutana na Kiswahili shuleni na sokoni. Lugha nyingi za Kibantu hazitenganishi l na r kama Kiswahili sanifu kinavyotenganisha, na kwa Kiswahili tofauti hiyo inabeba maana: kalamu ni ya kuandikia, karamu ni ya kula. Mtoto anayesema "habali" anaweza kuwa na tatizo la ulimi. Anaweza pia kuwa anasema sawasawa kabisa na baba yake, babu yake na mwenyekiti wa kijiji. Vivyo hivyo anayesema "zahabu" badala ya dhahabu, au "selasini" badala ya thelathini. Kipimo kinachompa alama ya kosa kwa hayo kinapima kabila lake, hakipimi afya yake. Tabibu aliyefunzwa vizuri anaanza kwa kumsikiliza mama, kisha ndiyo anamsikiliza mtoto.

Halafu kuna adabu. Vipimo vingi vya kigeni vinamtaka mtoto akae na mtu mzima asiyemjua, aonyeshwe picha, aulizwe "hiki ni nini?" wakati muulizaji anajua fika ni nini. Mtoto aliyelelewa vizuri huku kwetu atasema shikamoo, atainamisha kichwa na kunyamaza. Ndivyo alivyofundishwa. Kwenye karatasi anaandikwa: hajibu. Mpeleke uani na dada yake wa miaka saba, waache wacheze kombolela, ndipo utasikia lugha yake.

Rudi kwa yule mzee wa kiharusi. Tuseme ni bibi sasa, na alikua na Kingoni, Kiswahili kikaja baadaye. Kiharusi upande wa kushoto wa ubongo kinaweza kuleta afasia, yaani kuvurugika kwa lugha wakati akili ya kutambua watu na mambo bado ipo. Kwa mtu wa lugha mbili, mara nyingi lugha zote zinaumia na kurudi pamoja, lakini si lazima. Zipo taarifa nyingi za wagonjwa ambao lugha moja ilitangulia kurudi na nyingine ikasuasua. Nesi anamuuliza kwa Kiswahili, bibi kimya. Jalada linaandikwa: haongei, haelewi. Mjukuu anamsalimia kwa Kingoni na bibi anageuza uso. Hapo kuna tiba ya kuanzia, na kuna makosa ya kuandika "haelewi" ambayo yatamfuata kila anapohamishwa wodi.

Sasa nani atakata rula yetu? Hapa nina malalamiko madogo. Ukisoma vigezo, shahada ya MUHAS inamtaka mwanafunzi wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Ni sawa, hakuna tabibu wa koo asiyejua baiolojia. Lakini yule dada wa Songea Girls au kaka wa Songea Boys aliyesoma HKL, anayeweza kukuchambulia "hajanipikia" akiwa amefumba macho, hana mlango pale. Na wanaoijua sarufi ya Kiswahili kwa kina wako upande mwingine wa jiji, Mlimani, kwenye Taasisi ya Taaluma za Kiswahili na idara za isimu. Kinachonishangaza ni kwamba kitivo cha tiba kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1968, kikawa chuo kishiriki mwaka 1991, na MUHAS kikasimama chenyewe mwaka 2007. Miaka yote hiyo madaktari wa masikio na wanaisimu walikuwa chini ya mwamvuli mmoja. Kati ya Upanga na Mlimani ni safari ya daladala tu. Tasnifu moja ya umahiri inayosimamiwa na watu wawili, mmoja kutoka kila upande, juu ya watoto thelathini wa Songea wanaoongea Kiswahili na Kingoni, ingeleta data ambayo kliniki zetu zingeitumia kesho yake.

Kwa hiyo, kama uko kidato cha tano au cha sita na kombi yako ni PCB, ukiwa umechoka kusikia kila mtu akikuuliza "udaktari au famasia?", fungua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka wako, tafuta MUHAS, na usome mstari wa odiolojia na patholojia ya usemi na lugha. Angalia alama zinazotakiwa mwaka huo huo, zinabadilika. Makerere nako kuna njia, ila piga hesabu ya ada na makazi kabla hujajaza fomu. Kama umesoma HKL, usifunge ukurasa. Elimu maalumu ni jirani wa karibu wa fani hii, na Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha kimeandaa walimu wake kwa muda mrefu. Isimu nayo ina njia ndefu lakini halali: shahada ya kwanza, kisha umahiri juu ya lugha ya watoto, kisha unatafuta kufanya kazi na watu wa kliniki. Hao wanakuhitaji hata kama bado hawajui wakuite nani.

Na kama wewe si mwanafunzi bali una mtoto wa miaka miwili na zaidi ambaye hasemi, usisubiri kwa sababu shangazi amesema hata baba yake alichelewa. Huenda ni kweli alichelewa. Huenda pia sikio limejaa usaha kwa miezi na hakuna aliyeangalia. Usikubali haraka pia kukatiwa udata, kile kiuzi cha chini ya ulimi. Kikibana sana kinaweza kumsumbua mtoto kunyonya au kutamka baadhi ya sauti, lakini si kawaida yake kumnyima mtoto maneno yenyewe. Anza na hospitali ya mkoa au Peramiho, omba masikio yapimwe, na uandike mapema kwenye daftari maneno yote anayoyasema nyumbani, ya Kiswahili na ya kilugha, hata yale ya kwake mwenyewe ambayo wewe tu ndiye unayeyaelewa. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na tabibu utakayemkuta huko atamwona mtoto kwa nusu saa. Daftari hilo litamwambia mengi ambayo mtoto, akiwa mbele ya mgeni, hatayasema.